Sauti 014

Jumanne, 2 Julai

Leo nimeanza kazi kubwa. Nimeona niifungulie daftari kabisa, ili siku watu wakiuliza ilianzaje, jibu liwepo.

Nina nyimbo 11,482. Sikuzihesabu mimi, mashine ndiyo imehesabu. Zote zimo kwenye diski moja nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni. Nimezikusanya miaka kumi na minne: kwa makondakta, kwa vinyozi, kwa kwaya za parokia tatu, kwa wenzangu pale kinu cha alizeti ninakopima magunia. Na katika miaka yote hiyo sijawahi kuupata wimbo ninaoutaka kwa saa ninayoutaka. Nyingi zinaitwa "Track 03". Sitini na mbili zinaitwa "Nzuri sana".

Pasaka nilimkaribisha katekista chakula. Nikatafuta wimbo wa ufufuko. Ukatoka wa mwanaume analalamika kaibiwa mke. Katekista aliendelea kula, ila alipunguza kasi. Aibu!

Shemeji Antipasi alikuwepo siku hiyo. Hakucheka kwa mdomo, alicheka kwa mabega. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, mkulima wa Mwankoko, na ndiye mpiga muziki wa shughuli zote za ukoo wao. Hana hata kompyuta. Ana fleshi saba ndani ya kopo la majani ya chai, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Nyekundu kwaya, njano harusi, bluu za zamani, na kuendelea. Nyeupe hajawahi kuniambia ni ya nini. Ukimtajia wimbo, anaupata kabla hujameza mate. Inauma.

Sasa zamu yangu. Binti yetu Editha alipokwenda chuo Dodoma aliniachia kompyuta yake ya zamani, ndani kuna programu ya kupanga muziki. Unaipa kanuni tu. Unaiambia ikusanye nyimbo za harusi zisizozidi dakika tano, orodha inajijaza yenyewe. Ukiongeza wimbo mpya, unakwenda wenyewe mahali pake kama mbuzi anayejua zizi.

Tarehe 13 ni kumbukumbu ya mwaka ya mama mkwe, Mama Emiliana. Nataka muziki nipige mimi. Nitaandika sababu hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Yule mama alikuwa akiniita mwanangu. Mimi Mnyiramba, nimeoa kwa Wanyaturu, na tangu azikwe, kwenye ule mji naitwa mgeni wetu. Wananipa kiti kizuri kila nikifika. Sikitaki.

Jumatano, 3 Julai

Orodha ya kwanza: Huzuni. Ya pili: Furaha. Programu inapima mwendo wa wimbo. Wa polepole ni huzuni, wa haraka ni furaha. Ni akili hiyo!

Nimefungua Huzuni. Wa kwanza: tangazo la mbegu za alizeti, la gari la matangazo, betri yao ilikuwa inaisha. Wa pili: tangazo lilelile.

Nimefungua Furaha. Kwaya za mazishi, ishirini na tisa mfululizo.

Mwanzo nilikasirika. Baadaye nikakaa nazifikiria. Ni kweli huku kwetu tunamwimbia marehemu kwa ngoma ya haraka, mpaka mfiwa naye anatingisha kichwa. Labda mashine imeona jambo. Au haijaona kitu. Nimebadilisha majina ya orodha, Huzuni nimeiita Furaha na Furaha nimeiita Huzuni. Tatizo limekwisha.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimetengeneza orodha ya Ninazozipenda. Kanuni: zilizopigwa mara nyingi kuliko zote. Namba moja, mara 947, ni wimbo nisioupenda hata kidogo. Nimekumbuka. Siku ile tuliyokwenda Mkiwa kumwona dada yangu, niliacha kompyuta inapiga wimbo mmoja unajirudia, tukalala huko siku mbili. Jirani bado ananiangalia vibaya.

Theodora, mke wangu, alikuwa anachambua mchicha hapo karibu. Akaniuliza katika hizo elfu kumi na moja nimesikiliza ngapi. Nikaangalia. Elfu sita na ushee sijawahi kuzigusa. Akasema yeye anautaka mmoja tu. Akaacha kuchambua. Akauliza kama wimbo wa mama bado upo.

Upo. Niuandike vizuri ulivyopatikana.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, tulikuwa Mwankoko tunapura uwele. Mama Emiliana alishika fimbo yake akaimba, nami nikamrekodi kwa simu. Katika ukoo wao kila mama ana wimbo wake wa kupuria, na mwingine hauimbi. Akifa, wimbo unakaa kimya mwaka mzima. Mwaka ukiisha, unapigiwa binti yake mkubwa mbele ya watu, naye anaupokea, anauimba mavuno yanayofuata. Zamani aliimbiwa na shangazi au mama mdogo aliyeukumbuka. Sasa waliobaki wanakumbuka mwanzo na mwisho. Katikati hakuna anayeijua. Katikati iko kwangu.

Theodora hajausikiliza tangu mazishi. Alisema akiwa peke yake hawezi. Anataka ausikie siku ile, watu wakiwepo, ili akianguka wawepo wa kumshika. Tena sauti ndiyo iliyobaki, maana picha mama alizikataa. Alikuwa anageuza uso kila akiona simu, anauliza mnanipeleka wapi. Picha ya jenezani ilitolewa kwenye kadi ya kupigia kura. Kwenye simu ya Theodora zimo za siku ile ya kupura, zote mama amegeuka, kinachoonekana ni kile kitambaa chake cha kijani kichwani.

Nimemwambia Theodora asiwe na wasiwasi. Nimeapa, hata hakuniomba niape.

Jumapili, 7 Julai

Kikao cha ukoo Mwankoko. Nimewasalimia wakubwa wote, na Antipasi pia nimempa shikamoo yake kwa kuwa kanizidi miaka sita. Ni vigumu kumshinda mtu uliyemwamkia.

Nilieleza mpango wangu wa orodha zinazojipanga. Nilieleza kwa muda. Nilichora ardhini kwa kijiti. Antipasi alisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba kitu kinachojijaza chenyewe kinaweza kujimwaga chenyewe. Watu waliguna. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu anayehifadhi muziki kwenye kopo la majani ya chai. Akasema kweli, ila kopo lake lina mfuniko.

Mama mdogo Severina, mdogo wake marehemu, ndiye mwenye neno la mwisho. Akasema mkwe apewe muziki, kwa sababu akiachwa aendelee kueleza, ibada ya mwaka itatukuta hapahapa. Nimeshinda!

Antipasi alikubali papo hapo. Alinishika mkono. Ningependa angebisha kidogo.

Jumatatu, 8 Julai

Diski imejaa. Editha ametuma kwaya mpya za Dodoma, hazina pa kukaa. Nimeamua kusafisha.

Na hapa ndipo akili ilipofanya kazi. Mtu mwingine angepitia nyimbo moja moja mpaka Krismasi. Mimi nimetunga kanuni. Futa kila sauti isiyo na jina la mwimbaji, isiyo na jina la wimbo, ambayo programu haitambui lugha yake, na ambayo haijawahi kupigwa hata mara moja. Kitu hakina jina, hakina lugha, na mwenyewe hujakihitaji hata siku moja. Kama si takataka ni nini?

Zimetoka 3,106. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nimebonyeza Ndiyo. Ikauliza tena, kwa kuwa haitazirudisha. Kuna mashine zina woga jamani. Ndiyo!

Kisha nikamimina kwaya za Editha zote palepale. Zimeingia na nafasi imebaki. Nimekunywa chai vikombe viwili, nimejisikia mwepesi.

Jumanne, 9 Julai

Nimetengeneza orodha ya Jumamosi. Misa, kaburini, chakula, baada ya chakula. Ya baada ya chakula ina wimbo mmoja. Nikatafuta "Emiliana". Hakuna. Nikatafuta "Mama". Zikaja mia nne na moja, hakuna wake.

Nikakumbuka. Sikuwahi kuuandika jina. Simu iliupa jina lake yenyewe. Sauti 014.

Haina mwimbaji. Haina jina la wimbo. Lugha ni Kinyaturu, na programu inazijua lugha arobaini za duniani, Kinyaturu haimo. Na haijawahi kupigwa. Mama alipokuwa hai, nani angemsikiliza kwenye mashine wakati yupo uani anatuita? Na alipokufa, mwenye kuuhitaji alikuwa anauogopa. Mashine inahesabu mara ulizosikiliza. Mara ulizotaka kusikiliza ukashindwa, hizo haihesabu.

Nimekaa. Nimesimama. Nimeosha vyombo vyote.

Simu iliyorekodi ilitumbukia kwenye pipa la mafuta pale kinuni, mwaka ule ule. Ilikufa. Antipasi aliomba mabaki yake, eti anaweza kupata hata skrubu. Nilicheka sana siku hiyo.

Jumatano, 10 Julai

Nimetoroka kazini saa nne kwenda kwa Raymond, fundi kompyuta karibu na stendi. Nimemwambia ni tatizo la rafiki yangu. Akasema basi nimwambie rafiki huyo kwamba vilivyofutwa hurudi kama hujaweka vitu vingine juu yake. Akauliza kama rafiki aliweka. Nikasema kwaya tu za Dodoma. Akasema nimpe rafiki pole.

Amejaribu mpaka mchana. Zimerudi mia mbili na kitu. Matangazo ya mbegu yote yamerudi, salama kabisa. Sauti 014 haimo.

Nikirudi njiani upepo wa Julai ulinijaza vumbi machoni. Nimelia kidogo, nikasema ni vumbi, ingawa sikuwa na mtu wa kumwambia.

Alhamisi, 11 Julai

Hila ya kwanza. Nilikwenda Mwankoko kwa mama mdogo Severina, nimebeba sukari. Nikamwomba anijaribie maikrofoni. Aimbe chochote, kwa mfano wimbo wa kupuria wa marehemu dada yake, kwa mfano na katikati yake.

Aliweka sukari ndani kwanza. Kisha akarudi akasema wimbo wa dada yake hauingii kinywani mwake kabla ya siku yake, na hata ungeingia, katikati aliisahau tangu alipoolewa. Akaniuliza mbona nataka kujaribu maikrofoni na wimbo ambao nimesema ninao. Nikasema ni utaratibu wa kitaalamu. Akaniangalia kama mtu anavyoangalia mtungi unaovuja bila kuona ufa.

Wakati naondoka aliniambia Theodora alikuja jana kuomba fimbo ya mama yake, ameipaka mafuta. Anajiandaa kuupokea wimbo. Nimempa shikamoo mara ya pili, na nilikuwa nimeshampa.

Ijumaa, 12 Julai

Hila ya pili, na hii haina kasoro. Spika ni ya kuchaji. Sitaichaji vya kutosha. Itapiga misa, itapiga kaburini, itapiga chakula, halafu itazima yenyewe kabla ya wimbo. Nitasikitika mbele ya watu. Nitasema tutausikiliza mwakani. Katika mwaka mmoja mengi yanaweza kutokea. Watu husahau.

Nimepiga hesabu ya chaji kwa makini kuliko nilivyowahi kupiga hesabu yoyote ya kinuni.

Theodora amepiga pasi kitenge chake. Ameniuliza kama wimbo una dakika ngapi. Nimesema nne. Akasema zinatosha.

Najua mficha uchi hazai. Lakini nikisema leo, kesho haitakuwa kumbukumbu ya mama, itakuwa kesi yangu. Ndivyo ninavyojiambia. Ukweli ni kwamba naogopa sura yake.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Misa ilikwenda vizuri. Padre alibariki msalaba mpya wa saruji. Watu walikuwa wengi, baridi kali, upepo ukipeperusha mahema. Orodha zangu zilijipiga zenyewe bila kosa, mzee mmoja akanisifu. Nilipata kuku, paja, nikashindwa kulimaliza. Mimi!

Baada ya chakula Severina alisimama akasema sasa wakati wa wimbo umefika. Theodora akaletewa kigoda katikati, akakaa na fimbo mapajani. Nikabonyeza. Spika ikalia mara tatu ikazima, sawasawa na hesabu zangu. Nikashika kichwa kama nilivyojizoeza.

Sikuwa nimejizoeza kumwangalia Theodora. Hakulia. Alianza tu kuifunga fimbo kwenye kitenge, polepole, kama mtu anayefunga mzigo wa safari iliyoahirishwa. Hapo nilifungua mdomo niseme ukweli wote. Nasema kweli, nilifungua.

Antipasi akasimama. Akaingia ndani akatoka na redio yake ya betri na lile kopo. Akachagua fleshi yenye uzi mweupe.

Kwanza walisikika kuku. Halafu sauti yangu, mimi mwenyewe, nasema, "Mama, imba sasa, nimewasha."

Na sauti ya mama: "Nimeshaimba, mwanangu. Ulikuwa wapi?"

Watu wote walicheka. Hata padre. Kwenye redio nami nilisikika nacheka, namwomba arudie, naye anasema haya, kwa ajili yako Kefa mwanangu, ila wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi. Kisha fimbo zikaanza kugonga, naye akaimba.

Dakika nne. Mwanzo, katikati, mwisho. Theodora alifumba macho mpaka katikati ilipofika, akaanza kusogeza midomo. Alipoanguka tulimshika, lakini hakuanguka sana. Mimi nilianguka zaidi. Mama mdogo Severina ndiye aliyenishika, akaniita mwanangu. Mbele ya watu wote!

Jioni nilimfuata Antipasi zizini. Akasema ndani ya ile simu iliyokufa kulikuwa na kadi ya kumbukumbu. Aliifuta mafuta, akanakili yaliyomo kwenye fleshi ya uzi mweupe. Uzi mweupe ni wa vitu asivyovijua ni vya nani. Akasema hatupi kitu kwa kuwa hakijui, maana mbona vitu vingi asivyovijua yeye vina wenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakusema kuwa anao alipokubali nipige mimi. Akasema nilikuwa naitaka sana kazi ile.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwambia Theodora. Yote, pamoja na hesabu za chaji. Alisikiliza huku anasuka ukili. Akasema alijua tangu Jumanne, kwa sababu Jumanne niliosha vyombo. Jumatano alipokwenda kwa mama mdogo kuomba fimbo, alipitia kwa kaka yake kuuliza kama ana cha kuokoa.

Kwa hiyo wote walijua. Walinisubiri niseme. Nilikuwa na siku nne nzima.

Hakunigombeza. Amesema tu, "Baba Editha, si kila kitu kipangwe." Nimekubali. Nimeguswa sana. Nimejifunza somo ambalo sitalisahau.

Jumanne, 16 Julai

Sasa mimi ni mtu mpya! Antipasi amenipa nakala ya wimbo, nimeuandika jina kamili, nimeuhifadhi mahali pane. Nimetunga kanuni kwamba kitu chochote chenye jina Emiliana kisifutwe milele. Hakuna kitakachompata tena mama yule mikononi mwangu.

Sasa jambo dogo. Simu ya Theodora imejaa, hawezi hata kupokea picha za Editha. Hajaniomba, lakini nadaiwa wema. Nimeiunganisha na kompyuta. Kumbe ile programu ina ndugu yake wa kupanga picha! Nimeipa kanuni moja tu, ya kawaida. Futa kila picha yenye ukungu, isiyo na jina na isiyoonyesha uso wa mtu.

Zimetoka 212. Nimechungulia chache za mwanzo, kwa uangalifu, kama mtu aliyejifunza. Kidole changu. Mkia wa kuku. Ardhi. Kitambaa cha kijani, kimetikisika, mwenyewe kageuka. Nani anatunza picha ya kitambaa?

Imeuliza kama nina uhakika. Imeuliza mara ya pili. Ndiyo.

Simu sasa ni nyepesi. Theodora yuko jikoni anajifunza wimbo wa mama yake, amefika katikati na hajakosea. Namwacha amalize kwanza, halafu nimpelekee habari njema.